Koti la Kumi na Tano

Dobi alikuwa na sifa moja tu, lakini nzito: kwa miaka kumi na tisa hajawahi kumwambia mteja "njoo kesho." Mafundi wote wa mji ule waliishi kwa neno hilo. Fundi cherehani, njoo kesho. Fundi viatu, njoo kesho, na ukija kesho unaambiwa ana homa. Dobi akikuandikia Alhamisi saa mbili, Alhamisi saa mbili nguo yako inaning'inia kwenye henga, imenyooka kama imeambiwa kuna wageni. Na alikuwa na sheria yake: huna risiti, huna nguo. Hata Bi Mkubwa, mama yake mzazi, alishawahi kurudishwa nyumbani kufuata risiti ya mashuka yake, na nyumbani kwenyewe ni nyuma ya duka, hatua kumi na mbili.

Kwa sifa hiyo akapewa makoti ya Baraza.

Kisiwa kile kilikuwa kidogo, ukipiga chafya mashariki, magharibi wanakuombea afya. Lakini kilikuwa na serikali kamili na Baraza la wajumbe kumi na tano, na sheria ya zamani ambayo hakuna aliyejua nani aliitunga: mjumbe asiye na koti la Baraza haingii ukumbini, na asiyeingia ukumbini hapigi kura. Makoti yote meupe, tofauti iko kwenye kola. Kola nyekundu saba, hao chama tawala. Kola za bluu saba, upinzani. Na kola ya kijivu moja, ya Chama cha Wastani. Huyo mmoja alikuwa mke wa dobi.

Chama chenyewe kilikuwa na wanachama arobaini na mmoja na hakikuwa na ofisi. Kilikutana dukani kwa dobi kila Jumapili, watu wamekalia vikapu vya nguo chafu. Hata hiyo rangi ya kijivu ilipatikana kwa sababu nusu walitaka nyeupe na nusu walitaka nyeusi. Mtaani wakakiita Vuguvugu: hakipiki chai wala hakikati kiu. Wanachama wakisikia hivyo walikuwa wanakaa kikao kujadili kama wakasirike au wasikasirike, na mara zote walikubaliana kukasirika kidogo.

Mke wa dobi hakuingia kwenye siasa kwa hotuba. Aliingia kwa ndoo. Bombani kwao watu wa kola nyekundu na wa kola ya bluu walikuwa wanamwagiana maji kugombea foleni, mpaka yeye alipoleta mtindo wa vifuniko: ukifika unaweka kifuniko cha dumu lako kwenye mstari, unaenda zako, zamu yako ikifika unaitwa. Miezi sita hakuna aliyelowa. Uchaguzi ulipofika, pande zote mbili zilichukiana kiasi kwamba ziliona afadhali huyu wa vifuniko.

Sasa tatizo likawa lilelile, maji. Mabomba ya kisiwa yalikuwa yameoza. Maji yakitoka yalikuwa na rangi ya chai, na siku nyingine hayatoki. Chama tawala kikapeleka hoja: bei ya maji ipande mara mbili kwa kila mtu, mabomba yatengenezwe. Upinzani ukasema hakuna atakayelipa hata senti ya ziada, serikali itafute hela kwingine. Kola nyekundu saba, kola za bluu saba, na Spika hapigi kura. Mji mzima ukageuka kuangalia duka la dobi.

*

Habari dobi aliipata Jumatatu, kaunta kwake, mbele ya watu wanne.

Jumatatu makoti yanaletwa, Alhamisi asubuhi yanachukuliwa, saa nne kikao. Wa kwanza kuleta siku hiyo alikuwa mwenye bucha, mjumbe wa kola nyekundu, mtu mnene mwenye sauti ya kuongea na watu walioko ng'ambo ya barabara. Akaweka koti, akapokea risiti, halafu akamshika dobi bega kama watu wanavyoshikana msibani.

"Pole fundi," akasema. "Lakini ndiyo siasa. Mkeo yuko sawa na mimi namuunga mkono."

Dobi akauliza pole ya nini. Mwenye bucha akatazama watu wa foleni, akaona wote wanasikiliza, na badala ya kunyamaza akaongeza sauti. Ikaja kujulikana hivi: mke wa dobi alikuwa ameandika pendekezo la katikati. Majumbani bei ibaki ilivyo. Wapandishiwe mara mbili wale wanaokunywa maji kwa mapipa, yaani hoteli, kiwanda cha barafu, waosha magari, na dobi. Chama tawala kimekubali, kwa hiyo kura yake ikiongezwa kwenye zile saba, hoja imepita nane kwa saba.

Mwanamke mmoja wa foleni akasema afadhali, maana yeye ana watoto sita. Halafu akakumbuka amesimama wapi, akaanza kukagua vifungo vya blauzi yake.

Dobi alimwandikia yule mwanamke risiti, akamwandikia na wa nyuma yake. Shemeji yake alikuwa kwenye meza ya pasi, mdogo wa mkewe, kijana wa miaka ishirini na nne, upinzani damu, mdomo kama redio yenye betri mpya. Hata yeye alinyamaza, na hilo ndilo lililomtia dobi hofu zaidi. Bili ya maji ilikuwa inakula robo ya mapato ya duka. Ikipanda mara mbili, inakula nusu. Nusu inayobaki inunue sabuni, wanga, umeme, imlipe shemeji, ilishe watu wanne.

*

Jioni walikula kimya mpaka Bi Mkubwa akauliza nani kafa. Bi Mkubwa alikuwa chama tawala tangu kabla chama tawala hakijatawala.

Dobi akamwambia mkewe kwamba amepewa pole na mwenye bucha.

Mkewe akaweka kijiko chini. Akasema alikuwa anatafuta namna ya kumwambia.

"Namna ya kumwambia mwenye bucha umeipata."

"Mume wangu."

"Hapana, nakusifu. Umeipata haraka."

Mkewe akamweleza, taratibu, kama anavyoeleza bombani. Kwamba alizunguka mtaa kwa mtaa akiuliza nani anatumia maji kiasi gani. Kwamba bei ikipanda kwa wote, wajane wa kule mlimani watakunywa ya mtaroni. Kwamba isipopanda kwa yeyote, mwaka ujao hakuna bomba hata moja litakalotoa maji. Na kwamba dobi mwenyewe, wiki tatu zilizopita, kwenye meza hiyohiyo, alijisifu kuwa duka lake peke yake linakunywa maji ya nyumba sitini.

Hapo dobi alisimama. Ni kweli alisema. Tena alisema kwa mikono, akionyesha ukubwa wa tangi.

"Nilikuwa naongea na mke wangu," akasema. "Sikuwa naongea na Baraza."

Mkewe akasema jambo ambalo dobi alijua ni kweli, ndiyo maana lilimuudhi. Akimtoa dobi kwenye orodha, mwenye hoteli atauliza kwa nini dobi ametolewa, na mji mzima utamjibu: kwa sababu analala na mjumbe. Orodha yote itakufa, na pendekezo nalo. Tena, akasema, bwana harusi wa mwezi uliopita alifuliwa shati likatoka rangi ya chai, dobi akanunua jipya kutoka mfukoni. Mabomba yakipona atafua mara moja, si mara tatu.

"Wastani gani huo," dobi akasema, "kulia wapone, kushoto wapone, wa katikati ndiye akamuliwe?"

Shemeji akaona mlango umefunguka, akaingia. Alisema wahenga walishamaliza, kikulacho ki nguoni mwako, na nani ajuaye nguo kama dobi. Dada yake akamwambia afumbe mdomo ale. Bi Mkubwa alimgeukia mwanawe, akamuuliza kwani alioa mwenye akili akitegemea hiyo akili ikae jikoni. Halafu akaomba aongezewe mchuzi.

Usiku ule dobi na mkewe walilala kila mtu kageukia ukuta wake. Katikati ya kitanda pakabaki nafasi ya kutosha mtu wa tatu.

*

Jumanne shemeji alikuja na mpango, akautoa huku anapiga pasi mashati ya benki. Kwani koti la dada likichelewa kutatokea nini? Hakuna koti, hakuna ukumbi. Hakuna ukumbi, hakuna kura. Saba kwa saba, hoja imeanguka, duka limepona. Na hakuna mtu aliyeibiwa wala kupigwa. Mashine imekorofisha tu. Mashine si zinakorofisha?

Dobi akamwambia apige pasi kola vizuri, aache kupiga siasa.

Lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa kupenga kamasi. Jumatano alfajiri dobi alianza kufua makoti ya Baraza. Alifuata utaratibu wake: kwanza mifuko yote inatolewa vilivyomo, kila kitu kinaingia kwenye bahasha yenye namba ya risiti, hakisomwi, hakiguswi. Humo mifukoni kulikuwa na peremende, miwani, barua moja iliyonukia marashi. Akavitia bahasha. Akafua kola nyekundu, akafua kola za bluu, kila rangi peke yake. Maji yalikuja ya chai kidogo, akayachuja mara mbili kwa kitambaa.

Koti la kola ya kijivu likabaki kikapuni.

Hakusema kwamba halifui. Alisema atalifua baada ya mashuka ya kliniki. Baada ya mashuka akasema baada ya mapazia. Mapazia yakaisha, maji yakakatika, akashukuru Mungu waziwazi. Maji yakarudi saa kumi, akaanza kufagia duka ambalo limeshafagiliwa. Jua lilipozama makoti kumi na manne yalikuwa yamepigwa wanga, yananing'inia kwenye kamba ya uani, na la kumi na tano liko kikapuni, chini ya kitambaa cha meza cha mtu.

Shemeji aliliona. Akalitazama, akamtazama dobi, na badala ya kucheka akaanza kuonekana kama mtu aliyetania mbwa, mbwa akaja kweli. Alisema alikuwa anatania bwana. Dobi akamjibu kwamba yeye pia hajasema kitu.

Mkewe alipita uani kuanua nguo za Bi Mkubwa. Akasimama kidogo mbele ya kamba. Akaanua, akaingia ndani.

*

Alhamisi saa mbili wajumbe walianza kuja. Mwenye bucha akaja, akachukua, akauliza kama wino kwenye mkono umetoka. Umetoka. Mwalimu mkuu mstaafu, kiongozi wa kola za bluu, akaja na fimbo yake, akamshika dobi mkono kwa mikono miwili na kumwambia upinzani unasimama naye. Akachukua bahasha yenye barua ya marashi bila kupepesa jicho. Saa tatu kasoro, makoti kumi na manne yalikuwa yameondoka.

Saa tatu kamili mke wa dobi alitokea. Hakupita mlango wa ndani. Alitoka nyumbani, akazunguka mtaa mzima, akaja mbele ya duka, akapanga foleni nyuma ya mama wa watoto sita na kijana mmoja wa benki. Alikuwa amevaa gauni lake la vikao na viatu vinavyombana. Zamu yake ilipofika, akaweka risiti kaunta. Mwandiko wa dobi mwenyewe: Alhamisi, saa mbili.

"Nimefuata koti langu."

Pasi ya shemeji ikakoroma mvuke na yeye hakuiinua. Nyuma kwenye foleni walikuwa wameongezeka watu watatu, na mmoja hakuwa na nguo ya kufua, alikuja kuangalia.

Dobi alikuwa na neno moja tu la kusema. Mafundi wote wa mji walilisema kila siku, wengine huku wanatafuna. Lingemwokolea duka. Akafungua mdomo, na akaona kwamba ulimi wake haulijui. Miaka kumi na tisa hajalitamka, limeota kutu kama yale mabomba. Mkewe alimtazama tu. Hakumwomba, hakumtisha, hakusema mume wangu wala fundi. Alisimama kama mteja mwenye risiti.

"Subiri," dobi akasema.

Akaenda nyuma, akafunua kikapu. Koti lilikuwa na mikunjo kama uso wa Bi Mkubwa. Muda wa kufua haukuwepo. Akalitandika mezani, na mkono ukaenda wenyewe mfukoni, kwa mazoea. Mfuko wa ndani ulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ile sheria ya kutosoma aliivunja hapo. Ilikuwa ile orodha. Hoteli. Kiwanda cha barafu. Waosha magari. Chini yake limeandikwa neno dobi, likakatwa. Likaandikwa tena, likakatwa. Likaandikwa kwa wino mwingine, siku nyingine labda, likakatwa kwa mistari mingi. La nne halikukatwa. Lilikuwa limeandikwa kwa nguvu mpaka kalamu imetoboa karatasi.

Dobi akaikunja karatasi, akaiweka kwenye bahasha, akaandika namba ya risiti. Halafu akamsogeza shemeji kwa kiwiko, akashika pasi mwenyewe. Alifuta kola kwa kitambaa chenye sabuni, akanyunyiza maji mgongoni, akapiga mvuke, mikono, mapande ya mbele, akanyoosha kola ile ya kijivu taratibu hadi ikasimama. Dakika kumi na mbili. Watu wa foleni hawakunung'unika, waliangalia kama wanaangalia mechi ya mpira.

Akalileta kaunta kwenye henga.

"Halijafuliwa," akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, wote wakasikia, na masikio yake yakawa ya moto.

"Najua," mkewe akasema. "Jana kambani niliona kumi na manne."

"Na hukuniuliza."

"Risiti ilisema Alhamisi."

Akampa bahasha. Mkewe akaihisi kwa vidole, akajua ni nini.

"Umeisoma."

"Dobi hasomi ya wateja."

"Umeisoma, mume wangu."

"Una mwandiko mbaya," dobi akasema. "Umetoboa karatasi."

Mkewe akavaa koti palepale. Kifungo cha juu kilimshinda, dobi akanyoosha mikono juu ya kaunta akamfunga. Akatoka. Aliyekuja kuangalia akasahau kumpisha, ikabidi asukumwe.

*

Nane kwa saba. Redio ilisema saa tano na nusu, kati ya tangazo la dawa ya mbu na taarifa za vifo. Bi Mkubwa alipiga kigelegele uani, akakumbuka, akakikata katikati. Shemeji alizima redio na kusema basi, wamekwisha. Dobi akamwambia kwamba yeye shemeji bado hajakwisha, ana mashuka ishirini ya kliniki ya kupiga pasi.

Halafu akachukua chaki, akapanda stuli, akafuta bei za zamani ubaoni, akaandika mpya. Shati, mia tatu na hamsini. Suruali, mia nne. Alipofika kwenye makoti akasita, kisha akaandika.

Mchana akaja mwalimu mkuu mstaafu kuacha suti. Akasoma ubao mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Akasema kwa uchungu kwamba haiwezekani, yeye leo amesimama ukumbini dakika arobaini akimtetea mtu huyuhuyu.

"Ulinitetea, mwalimu," dobi akasema, "ukashindwa. Mia saba."

Mwalimu akaondoka na suti yake mkononi, na kijana wa benki, aliyerudi na mashati mengine, akaondoka nyuma yake. Lakini mama wa watoto sita, naye amerudi na kikapu kingine, alibaki, akalipa, akahesabu chenji mara mbili, akasema si mbaya, nyumbani kwake bili imebaki ileile. Dobi hakujua amshukuru au amfukuze. Akamwandikia Jumamosi saa tisa.

Jioni, kabla ya kufunga, mkewe alirudi. Alikuja tena kwa mbele, viatu amevishika mkononi, anatembea pekupeku. Koti lilikuwa limelowa kwapani na lina alama ya chai kwenye mfuko. Akaliweka kaunta. Akasoma ubao kuanzia juu hadi chini, akafungua pochi na kutoa hela kamili kwa bei mpya. Dobi akazipokea, akazitia kwenye mtoto wa meza. Akaandika namba kwenye risiti, akaandika koti moja, kola ya kijivu. Kwenye nafasi ya siku, kalamu ikasimama.

"Litakuwa tayari lini?" mkewe akauliza.

Dobi akatazama bomba la nyuma, lilikuwa linadondosha tone, linapumzika, linadondosha jingine. Akatazama miguu ya mkewe, kidole kidogo kimeota lengelenge. Safari hii lile neno halikuwa la kumzuia mtu kura, na ulimi ukalipata bila shida.

"Njoo kesho."

Shemeji aliacha pasi juu ya shati la watu mpaka likaanza kunuka.

Mkewe alikunja ile risiti isiyo na siku, akaiweka ndani ya pochi, akaifunga. "Nitakuja," akasema. Halafu akazunguka kaunta, akamsukuma kidogo kwa kiuno ili apite, akaingia ndani kuuliza wamepika nini.